Deni la Marehemu na Baiti 1,024

Kabla jeneza la bamdogo halijainuliwa pale nyumbani kwake Bunju, msemaji wa familia alisimama akatoa lile tangazo ambalo sote tunalijua kwa moyo: kama kuna mtu anamdai marehemu, awaone warithi, na kama kuna mtu anadaiwa na marehemu, naye awaone. Sehemu ya pili huwa inawachekesha watu hata msibani. Hakuna aliyejitokeza. Tukazika, tukala ubwabwa, tukatawanyika.

Jirani alikuja baada ya arobaini. Ni mfyatua matofali, ana kiwanja mtaa wa pili na mashine moja ya mkono, na watu wote pale humwita Mzee wa Tofali. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakataa chai, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakutaka kuyasema yale mbele ya jeneza. Alikuwa amemlipa marehemu masaa arobaini ya pampu. Ametumia kumi na saba. Yamebaki ishirini na tatu. Risiti hana.

"Marehemu aliniandika kwenye kile kisanduku chake," akasema, akaonyesha ukutani kwa kidevu.

Mamdogo akakitazama kisanduku. Mtoto wake wa kwanza akamtazama mama yake. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Wasomaji wa hapa mmenizoea nikileta riwaya na diwani, nikilalamikia wachapishaji na jalada baya. Leo naomba mnivumilie, maana kitabu nilichotakiwa kukisoma mwezi ule kilikuwa na baiti 1,024, hakina jalada kabisa, na ukikifungua vibaya kinafutika chote.

Bamdogo alikuwa fundi redio. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika solda miaka mingi kabla sijashika kalamu nyekundu ya mhariri. Redio zilipoisha akahamia kwenye tivii, tivii zikawa hazitengenezeki, akahamia kwenye hivi vibodi vidogo vya kujipangia mwenyewe programu. Alichimba kisima nyuma ya nyumba, akapandisha simtanki mbili, akaanza kuwauzia majirani maji kwa saa za pampu. Daftari la wateja lilimchosha. Akatengeneza kisanduku: ndani bodi moja ya Uno ya Kichina na rilei ya kuwasha pampu, nje kioo cha mistari miwili na vitufe. Mteja anabonyeza namba yake, anasalimiwa, pampu inawaka, dakika zake zinahesabiwa.

Miezi ya mwisho kioo kiliharibika. Hivyo ndivyo tulivyodhani. Kilikuwa kinaonyesha safu moja ya miraba myeusi, basi. Bamdogo tayari alikuwa anaumwa, hakuwa na nguvu ya kukifungua, akawa anawasha pampu kwa swichi ya mkono. Kompyuta mpakato yake, iliyokuwa na msimbo wote, ilitangulia kufa kabla yake, diski haisomeki. Kwa hiyo kama kweli Mzee wa Tofali aliandikwa mahali, ni ndani ya chipu moja yenye miguu ishirini na nane, ukutani, karibu na bomba.

"Huyu kaona nyumba ya mjane," mtoto wa kwanza akasema jirani alipoondoka.

Mamdogo hakumjibu. Akaniambia, "Wewe ndiye aliyekufundisha. Kifungue."

Nilianza kwa kuichungulia ile miraba myeusi. Kioo cha aina ile kikipata umeme bila kupewa amri yoyote huonyesha miraba, kama mtu aliyeamshwa usingizini akaachwa amekaa kitandani bila kuambiwa kuna nini. Maana yake kioo ni kizima ila hakuna aliyezungumza nacho. Nikabonyeza kitufe cha riseti. Kataa kadogo ka pembeni kakapepesa mara tatu, haraka haraka, kisha kimya. Nikashusha pumzi. Kupepesa kule mara tatu ndiyo sauti ya butiloda.

Hapa inabidi nieleze, na nitaeleza kama nilivyoelezwa.

Chipu ikipata umeme ina shida moja tu: haijui ianzie wapi. Jana haikumbuki, na haijui kama iko Bunju au Bukoba. Kilichofumwa ndani yake kiwandani ni anwani ya mlango wa kwanza: nenda pale, soma amri utakayoikuta, itekeleze, kisha inayofuata. Butiloda ni programu fupi inayokaa kwenye mlango huo. Ukibonyeza riseti, inasikiliza kwanza kama kuna mtu upande wa pili wa waya anayetaka kuleta programu mpya. Kwenye Uno inasubiri kama sekunde moja hivi. Mtu akijibu, inaipokea programu kipande kwa kipande na kuiandika. Asipojibu, inaruka hadi kwenye programu iliyopo na kuiacha ifanye kazi zake.

Bibi zetu walikuwa na kitu hiki. Paukwa! Kisha kimya kidogo. Tofauti ni kwamba bibi asiposikia pakawa alikwenda kulala, ilhali mashine isipoitikiwa inasimulia hadithi ya jana.

Sasa, butiloda ni programu kama programu nyingine. Lazima ikae mahali. Na ile programu yako kubwa nayo lazima ikae mahali, na data zako pia, na yote haya kwenye chipu ambayo ukubwa wake unatia huruma. Chipu ya Uno inaitwa ATmega328P. Ina hifadhi za aina tatu. Kuna flashi, baiti 32,768, ambamo programu hukaa na umeme ukikatika inabaki. Kuna RAM, baiti 2,048, ambamo programu hufanyia kazi zake, na umeme ukikatika kila kilichomo kinapotea. Na kuna EEPROM, zile baiti 1,024 nilizozitaja, daftari dogo la mambo ya kudumu. Picha moja ya mahafali unayotumiwa WhatsApp haiingii hata ukiziunganisha zote tatu.

Bamdogo alinifundisha mpangilio wa vitu hivi kwa kutumia ramani ya kiwanja chake. Alikipata kwenye ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000, uliopita Bunju, Mbweni, Mivumoni, Tuangoma, Kibada na kwingineko mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nafikiri aliipenda ile ramani kuliko nyumba yenyewe. Aliitandaza mezani akapitisha kidole: hapa viwanja vya makazi, hapa shule, hapa eneo la wazi, hapa hifadhi ya barabara. "Unaona," alikuwa akisema, "imechorwa kabla mtu hata mmoja hajahamia. Ndiyo maana ni ramani. Ukichora baada ya watu kuhamia hiyo siyo ramani, hiyo ni kesi."

Na flashi ya Uno ndivyo ilivyochorwa. Programu yako inaanzia anwani sifuri na kupanda juu, kama nyumba zinavyojaa kuanzia barabara kuu. Lakini mwisho kabisa wa kitalu, baiti 512 za juu, kuanzia anwani 32,256 hadi 32,767, ni hifadhi. Anayekaa hapo ni butiloda peke yake. Kuna baiti chache za mipangilio zinazokaa kando, mafundi huziita fyuzi ingawa haziungui, na ndizo zinazosema hifadhi ina ukubwa gani na kwamba ukibonyeza riseti mlango wa kwanza uwe huko juu badala ya sifuri. Juu ya hapo kwa kawaida kuna kufuli: programu iliyoko chini hairuhusiwi kuandika kule juu, hata ikipandwa na wazimu. Hapa Dar tunajua hifadhi isiyo na kufuli inaishia wapi. Mtu anajenga, anahamia, anazaa watoto watatu, halafu asubuhi moja anaamka ukuta wake una X nyekundu.

Kinachonivutia kwenye mambo haya, kama msomaji, ni kwamba anayechora ramani hawajui watakaohamia. Anakata eneo, anasema hili linatosha, anaondoka. Mwaka 2024 wengi wetu tuliguswa na uamuzi wa namna hiyo bila kumjua aliyeufanya. Mnakumbuka tulivyoambiwa tuingize kwenye mita za LUKU tarakimu ishirini, kisha ishirini nyingine, kabla ya zile za umeme wenyewe? Kisa chake ni kwamba mfumo wa tokeni unaotumiwa na mita za malipo ya kabla duniani kote unahesabu muda kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na waliouchora waliitengea hesabu hiyo biti 24. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216. Fanya hesabu, utafika tarehe 24 Novemba 2024, eneo limejaa. Mtu fulani mezani kwake aliona miaka thelathini na moja na ushee inatosha. Mwanamke wa Mabwepande akawa anabonyeza mita yake gizani kwa tochi ya simu.

Turudi kwenye kisanduku. Butiloda ikiwa hai, unaweza kuiomba ikusomee flashi yote kupitia kebo ya USB. Hilo nilikuwa na uhakika nalo. Daftari la EEPROM ndilo lililokuwa shida, na shida hiyo ilitokana na ubahili. Bodi zilizotangulia Uno zilikuwa na butiloda iliyotengewa baiti 2,048. Uno ilipotoka mwaka 2010 ilikuja na butiloda inayoitwa Optiboot, iliyobanwa hadi ikaenea kwenye 512. Baiti 1,536 zikarudishwa kwa wananchi, kila mtu akafurahi. Lakini ili kubana hivyo kuna kazi ziliachwa, na mojawapo ni kusoma na kuandika EEPROM. Butiloda ya bamdogo ingenipa flashi yote bila kinyongo, ila ukiiuliza habari za daftari haina jibu.

Njia iliyobaki ni kupita nyuma, moja kwa moja kwenye miguu ya chipu, bila kumhusisha butiloda. Unahitaji bodi ya pili, iwekwe programu inayoigeuza kichomeo, na waya sita. Nikapanda daladala hadi Kariakoo.

Kijana wa duka alinisikiliza kwa adabu. "Dada, unajisumbua. Niletee hiyo bodi nikuchomee butiloda upya, dakika tano inapona."

Na alikuwa sahihi. Ingepona. Lakini kuchoma butiloda upya huanza kwa kuifuta chipu nzima, na kufuta chipu nzima kunachukua na EEPROM, isipokuwa kama fyuzi moja, jina lake EESAVE, imewekwa kusema daftari lisiguswe. Baadaye nilipozisoma fyuzi za bamdogo nilikuta DE kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo ndiyo ya kiwandani kwa Uno. Ukiifungua biti kwa biti, ya EESAVE iko kwenye moja, na kwa fyuzi hizi moja maana yake haijawekwa. Dakika tano za yule kijana zingekuwa ndizo mwisho wa masaa ishirini na tatu ya Mzee wa Tofali, na hakuna ambaye angejua kama kuna kitu kimefutwa.

Kijana alijaribu pia kuniuzia ESP32, na nakiri nilishawishika, maana ile ina ramani ya kweli. Kwenye flashi yake, anwani 0x8000 kwa mpangilio wa kawaida, pameandikwa jedwali la viwanja: jina, aina, kinaanzia wapi, ukubwa gani. Butiloda inasoma jedwali hilo ndipo inajua pa kwenda. Unaweza hata kukata viwanja viwili vya programu, ukajenga mpya kwenye cha pili huku unaendelea kuishi kwenye cha kwanza. Umeme ukikatika katikati ya ujenzi, nyumba ya zamani ipo. Bamdogo angeipenda sana. Lakini mimi sikwenda kununua nyumba. Nililipia Uno moja, waya, na kapasita ya mikrofaradi kumi, nikarudi Bunju na foleni yake ya Tegeta.

Usiku ule tulikaa watatu mezani: mimi, laptop yangu, na mtoto wa kwanza wa bamdogo, ambaye sikumwalika. Alitaka kuona kwa macho yake.

"Ukikosea hapo inafutika?"

"Nikikosea, ndiyo."

Amri ya kusoma na amri ya kuandika kwa njia hii zinatofautiana kwa herufi moja: kusoma ni r, kuandika ni w. Na ukituma ya kuandika flashi kwa njia ya nyuma, programu inaanza kwa kuifuta chipu bila kukuuliza. Mimi ni mhariri. Nimewahi kupitisha "Yaliyomo" ikachapwa "Yaliyomoo" kwenye nakala elfu mbili. Niliiandika amri, nikaisoma kwa sauti, nikamwambia dogo naye aisome kwa sauti, herufi baada ya herufi, kisha nikabonyeza.

Nilianza na flashi, kupitia njia salama ya USB, kwa ajili ya nakala. Sikutegemea kitu humo. Programu iliyokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine haisomeki, ni tarakimu tu. Ila maneno yaliyowekwa kwa ajili ya kioo hubaki kama yalivyo, herufi kwa herufi, na nilipopitisha macho karibu na mwisho wa programu nikamkuta bamdogo.

MAMA NTILIE NJOO
MAJI YAKO TAYARI

Nikarudi nyuma kidogo.

NYWELE HAZINGOJI

Huyo ni dada wa saluni. Kulikuwa na ya fundi magari, ya mwalimu mstaafu, moja ya Ramadhani, moja ya Krismasi. Kulikuwa na LIPA KWANZA KAKA. Kila mteja alikuwa na salamu yake, mistari miwili, na kila mstari ulijaza kioo sawasawa, herufi kumi na sita bila kupungua wala kuzidi, kwa sababu kioo kina nafasi kumi na sita. Wenzangu wa ushairi mtanielewa kwa nini nilinyamaza. Mzee huyu hakuwahi kuniambia anaandika. Alinicheka niliposoma mashairi kwa kuhesabu mizani kumi na sita kwenye vidole. Najua, najua, herufi si mizani. Lakini alikuwa anakaa usiku anahesabu.

Nikahesabu na mimi. Mishororo sabini na miwili. Kwenye hifadhi kila mmoja unachukua baiti 17, herufi kumi na sita na sifuri moja ya kufungia. Jumla 1,224.

Hapo ndipo nilipojua kisanduku kilikufa kwa ugonjwa gani.

Kwenye chipu hii, maneno unayoyaweka ndani ya programu hukaa kwenye flashi, ambako nafasi ipo tele. Lakini usipotoa maelekezo maalumu, programu ikiamka inayanakili yote kwenye RAM kabla haijafanya lolote. RAM ina baiti 2,048, anwani 256 hadi 2,303, na ramani yake ni ya ajabu. Chini wanakaa wakazi wa kudumu: yale maneno, na hesabu zinazohitajika muda wote. Juu yao wanaongezeka wapangaji wanaokuja na kuondoka, wakijenga kuelekea juu. Na kutoka mwisho wa juu kabisa inashuka steki, pale ambapo programu inaweka alama kila inapoingia kwenye kazi ndogo, ili ijue pa kurudi. Huyu anapanda, yule anashuka. Katikati hakuna ukuta, hakuna kufuli, hakuna bikoni. Kule kwenye flashi walimlinda butiloda kwa mipaka na kufuli; huku chini wamemwachia Mungu. Wakikutana, mmoja anaandika juu ya mwenzake kimya kimya, programu inataka kurudi ilikotoka, inasoma anwani ambayo si anwani tena, inaishia porini.

Bamdogo kila akipata mteja alimtungia salamu. Mteja wa kumi na nne ndiye aliyeijaza RAM. Programu ikawa inaamka, inanakili mashairi yote, inaanza kazi, inaanguka kabla haijamsemesha kioo. Ndiyo ile miraba. Butiloda yenyewe haikuguswa, ilikuwa juu kwenye hifadhi yake ikipepesa mara tatu kila ukiiamsha.

Dogo aliuliza mteja wa kumi na nne ni nani. Nikamwambia ngoja tusome daftari.

Waya sita, amri ya herufi r, sekunde chache. Baiti 1,024. Wateja walikuwa wamepangwa mwanzoni, kila mmoja baiti kumi na mbili: nane za jina, mbili za dakika alizolipa, mbili za dakika alizotumia. Kumi na tatu wa kwanza walikuwa kamili. MAMANTIL, amekatwa jina kwa kukosa nafasi, alibakiwa na dakika tisini ambazo hakuzidai. Na wa kumi na nne:

54 4F 46 41 4C 49 20 20 60 09 FF FF

Sita za kwanza ni herufi: T, O, F, A, L, I. Mbili ni nafasi tupu. 60 09, ukizisoma kwa kuanzia nyuma kama chipu inavyoziweka, ni dakika 2,400. Masaa arobaini.

Dogo alikaa kimya. Kisha akaonyesha zile FF FF. "Na hizi?"

"Alizotumia."

Akachukua simu yake akapiga hesabu, akacheka kicheko kibaya. "Sitini na tano elfu mia tano thelathini na tano. Masaa elfu moja na tisini na mbili. Tunamdai sisi!"

Ilibidi nimweleze. EEPROM ambayo haijaandikwa husomeka FF, si sifuri. Sifuri ingekuwa jibu: hajatumia kitu. FF ni karatasi ambayo kalamu haijapita. Nionavyo, programu iliandika jina, ikaandika malipo, ikaanguka kabla ya kufika kwenye matumizi. Baada ya hapo pampu iliwashwa kwa mkono, na aliyekuwa akiiwasha hatunaye.

Asubuhi nikampelekea mamdogo jikoni. Alikuwa anachambua mchele.

"Kisanduku kinasema alilipa?"

"Kinasema alilipa. Masaa arobaini."

"Na kinasema ametumia mangapi?"

"Hakisemi."

Alichambua kidogo. "Nilikuwa naisikia pampu alfajiri. Sikuwa nahesabu. Mwenye kuhesabu alikuwa yeye." Kisha, bila kuinua macho: "Yule mzee angeweza kusema hajatumia hata moja. Nani angembishia?"

Dogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema angeweza pia kuwa ametumia thelathini. Hilo nalo ni kweli. Sikuwa na cha kusema, wala ile chipu haikuwa nacho, na nimekuwa nikilifikiria tangu siku ile bila kufika popote. Mamdogo akasema andika kumi na saba.

Programu ya bamdogo isingeweza kurekebishwa bila msimbo wake, kwa hiyo niliiandika upya, wikiendi mbili. Mishororo yote sabini na miwili nimeiacha kama alivyoipanga, ila nimeelekeza isomwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi, mmoja mmoja unapohitajika, isinakiliwe. RAM sasa ina nafasi ya kupumua. Niliipandisha kwa butiloda yake ile ile, kwa kebo ya USB, njia ambayo hailigusi daftari. Zile baiti mbili za mwisho za mteja wa kumi na nne niliziandika mimi: FC 03, yaani dakika 1,020, kwa kauli ya mtu na ya mwanamke aliyekuwa anasikia pampu alfajiri.

Mzee wa Tofali alikuja Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mpira wa maji begani. Nilimwonyesha vitufe. Akabonyeza moja, akabonyeza nne. Kioo kikafikiri kidogo, kikatoa salamu ambayo iliandikwa miezi kadhaa nyuma na ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikiwaka, hata mwenyewe aliyeitunga:

TOFALI BILA MAJI
NI MCHANGA NDUGU

Aliisoma akisogeza midomo. Akaisoma tena. Pampu ilikuwa imeshawaka na maji yalikuwa yanamwagika kwenye mpira ambao bado hajaufunga, na mamdogo dirishani anapiga kelele kwamba dakika zinakwenda.